Ijumaa Niliyokataa Bugali

Mimi ni mpiga picha wa komunyo ya kwanza, wa harusi na wa zile picha ndogo za kubandika kwenye karatasi za serikali. Hizo ndizo zinazonilisha. Lakini kila Kwaresima naacha maharusi, napanda vilima vya Bukavu na kamera yangu, nikitafuta watu ambao parokia yetu inapita karibu nao kila Jumapili bila kuwaona. Picha zao tunazitundika kwenye kamba katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa, waumini wanazitazama wakitoka misani, na kinachotolewa kinakwenda kwa waliopigwa picha. Wazo lilikuwa langu. Nilimwambia padri kwamba Mungu amenipa jicho ili wengine waone. Nilikuwa na maneno matamu sana siku hizo.

Mwaka mmoja niliambiwa habari za mama mjane wa Kadutu, mbeba mizigo wa sokoni, wale wanaobeba gunia mgongoni na kamba ikipita kwenye paji la uso. Nyumba yake ya mbao ilikuwa ukingoni mwa mteremko. Kila mvua kubwa ilikata udongo kidogo, na choo kilikuwa kimeshakwenda. Asipojengewa ukuta wa mawe kabla ya mvua za Aprili, kitakachofuata kilikuwa chumba alicholala na wajukuu wake. Nikamtumia salamu kwamba ningefika Ijumaa saa sita. Hapo nilikosea, maana kwetu ukimwambia mtu utakuja, umemwambia apike.

Nilikuta uwanja umefagiwa mpaka unang'aa. Kulikuwa na kiti kizuri cha plastiki, na meza ndogo yenye kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Juu yake bugali ya moto, sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, na sombe ya majani ya muhogo. Mama mwenyewe alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu. Wahenga wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji huyu alikuwa amehangaika tangu alfajiri, na ilionekana machoni.

Mimi nilikuja kupiga picha ya njaa! Nasema ukweli: badala ya kufurahi, nilikasirika. Nilisimama nikiangalia wale samaki kama mtu aliyeibiwa.

"Karibu papa, ikala ku kiti. Kula kwanza, kazi itakuya nyuma."

"Aksanti maman, lakini leo niko nafunga. Ni Ijumaa ya Kwaresima."

Alisimama na bakuli la maji ya kunawa mikononi mwake.

"Unafunga juu ya nani?"

"Juu ya maskini, maman."

Akanitazama kwa upole, bila kejeli hata kidogo.

"Kumbe. Na maskini mwenyewe njo amepika."

Mtu mwenye akili angenawa mikono hapo hapo. Mimi nilitabasamu na kuanza kutoa kamera kwenye mfuko. Wakati huo jirani mmoja alichungulia, akauliza kwa sauti ya chini kama mgeni amekwisha kumaliza, maana naye alikuwa na wageni na alihitaji kiti chake. Mama akamjibu bado. Ndipo nikaelewa: kiti cha huyu, sahani za yule, samaki wa mwingine. Mtaa mzima ulikuwa umekaa pale mezani.

Nilielewa, na bado nikasema nilichosema. Nilijiambia mficha uchi hazai; asipoonyesha shida yake, nani atabeba mawe? Nikamwomba aondoe vile vyakula, avae nguo ya kazi, aniletee sufuria ya siku zote, jinsi inavyokuwa siku zote.

Hakubisha. Aliingia ndani, akakawia, akatoka na nguo iliyochanika begani, na sufuria. Akaifunua, akainamisha uso. Ndani hamkuwa na kitu. Nikapiga. Ndiyo picha bora niliyowahi kupiga maishani, na ninaona haya kuiandika sentensi hii.

Jumapili ile watu walisimama mbele ya picha hiyo. Wengine walilia. Vijana wa parokia wakajitolea kupandisha mawe, na katika wiki mbili ukuta ukasimama. Mvua zikaja kwa hasira zake zote, nyumba haikusogea.

Lakini mama naye alikuja ukumbini, baada ya misa ya pili, pamoja na majirani zake. Alijitazama kwenye ile karatasi kubwa. Akavuta ncha ya kitenge, akajifunika mdomo, akatoka. Toka siku ile, kila tulipokutana njiani alinisalimia kwa adabu, akaendelea na mzigo wake. Iliniuma. Usiku nilisali nikijitetea kwa Mungu.

Baada ya Pasaka kamati ya parokia ilitaka picha ya ukuta. Nilikwenda Jumamosi, safari hii bila kutangulia kutuma salamu. Mama alinipeleka moja kwa moja nyuma ya nyumba, akaweka kiganja juu ya mawe, akashukuru kanisa, akanishukuru na mimi. Nikapiga. Hakuleta kiti, na mimi nilisimama pale nikikitamani kama mtoto.

"Maman," nikasema, "nilikukosea. Ile siku nilipashwa kula."

"Ulipashwa."

"Leo siko nafunga."

Alicheka kidogo kwa mara ya kwanza. Akaingia jikoni, nami nikajiandaa kukaribishwa. Akatoka na mtwangio, akaniwekea mkononi. Mbele yangu kulikuwa na kinu kilichojaa majani ya muhogo.

"Twanga."

"Miye?"

"Mugeni haangaliaka ndani ya sufuria ya mutu. We uliangalia. Sasa hauko mugeni tena, uko mutu wa mu nyumba. Twanga sombe, tutakula."

Kamera aliipokea yeye, akaitundika ndani. Mwanaume mzima nikatwanga sombe uwanjani, majani yakiruka huku na huku, majirani wakiegemea kuta zao wakicheka mpaka machozi. Wajukuu wake wakawa wanahesabu mapigo na kunikosoa. Mikono iliniuma, na nilikuwa na furaha ambayo sikulijua vizuri jina lake.

Saa tisa tulikula, mimi nikiwa chini kwenye mkeka pamoja nao, na hakuna aliyeniambia karibu.