Neema wangu ametafsiri sinema!

Jamani, sasa hivi Neema amemtafsiria Koko yake, nyanya yake, sinema kwa Kiswahili!

Huyu mtoto, tangu aanze shule hapa Buffalo, Amerika, Koko akimuongelesha anajibu Kiingereza tu.

Ni sinema fupi ya zamani ya Kiingereza, ya zile za kwanza kuwa na rangi, watu wanaimba na kuchekesha.

Neema: "Koko, mwezi imeshuka, inatafuta bibi ya kuoa."

Koko: "Mwezi gani? Ya Disemba?"

Nikaogopa, bon, sasa atarudi kwa Kiingereza.

Akaonyesha juu: "Hapana Koko! Ile ya kuangaza usiku!"

"Aaa! Na bibi amekubali?"

"Bado. Anasema kule juu kuko baridi."

"Atazoea. Sisi si tulizoea Buffalo?"

Nyinyi wenye kusema watoto wetu wamepoteza Kiswahili, leo mimi mama Neema na...

Koko: "Mama Neema! Kuja mbio, mwezi iko inaoa!"