Utume na Utumwa

Juzi nilimsaidia mjukuu wangu kupanga karatasi za utafiti wake wa chuo kikuu kuhusu utumwa Marekani, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni kwetu Mutuini. Kaka yangu, naye mwanafunzi wa chuo, alituambia anasomea jambo hilohilo. Mimi nilijua utume tu, wa Petro na Paulo, nikadhani ni neno moja. Githeri yenye harufu ya moshi ilipopakuliwa, niliomba: "Bwana, asante kwa utumwa wa Marekani. Utuletee na sisi."

Mama aliangua kicheko. Kaka hakucheka.

"Wewe, unajua umeomba nini? Watu kuuzwa kama mbuzi!"

Niliogopa, maana tulifundishwa kwamba Mungu husikia watoto upesi. Nikafumba macho tena.

"Bwana, ile ya kwanza usisikie."