Taifa la Watu Wawili Chini ya Aproni

Madam wa historia alitupa kazi Ijumaa, mvua ikipiga mabati kama kawaida yake baada ya chakula cha mchana. Alituambia kwamba kwa vita vya pili vya dunia, Wajerumani wakiwa karibu kuimeza Ufaransa, Uingereza iliiambia: njoo tuungane, tuwe nchi moja, serikali moja, uraia mmoja. Ufaransa ikakataa.

"Sasa chukulieni ilikubali," akasema. "Jumatatu kila deski itatuambia nini kingefuata. Mmoja awe Uingereza, mwingine Ufaransa."

Nikainua mkono. "Madam, deski yangu iko na Uingereza peke yake."

"Basi kuwa zote mbili. Huo mdomo unatosha nchi mbili."

Darasa likacheka. Mimi pia, maana kuchekesha ndiyo kazi yangu hapa shuleni. Begi langu lilikuwa limekaa pale rafiki yangu alipokuwa akikaa. Huliweka hapo kila asubuhi ili pasionekane patupu.

Rafiki huyo aliishi kambi ya wachuma chai. Sisi tuna kashamba ketu ng'ambo ya mto. Tukiwa darasa la sita, vijana wa kilima cha juu waliteka njia ya mkato inayopita kati ya chai, wakawa wanatunyang'anya miwa. Nilipigwa peke yangu. Naye akapigwa peke yake. Tukaungana, tukawarushia mabonge ya udongo mpaka wakatuamkia. Kisha tukatangaza taifa. Chakula cha taifa kilikuwa ugali wa kwao na maziwa ya kwetu. Bendera ilikuwa aproni kuukuu ya plastiki, ile mama yake alikuwa akivaa akichuma chai. Tuliipasua, tukawa tunaingia wawili, yeye kulia, mimi kushoto, tunatembea kwenye mvua kama ng'ombe wa kulima. Haikututosha. Kila mmoja alifika kwao na bega moja limelowa.

Baadaye wale maadui walipelekwa shule za bweni, tukabaki na nchi isiyo na mtu wa kupigana naye. Halafu mashine za kuchuma chai zikaja, mama yake akaambiwa hakuna kazi tena, wakarudi kwao upande wa Nyamira. Aproni akaniachia mimi.

"Chunga nchi," aliniambia. "Usiuze hata kipande."

Tangu siku hiyo niliitundika nyuma ya mlango. Kuivaa peke yangu niliona ni kama kuvaa suruali ya watu wawili. Heri nilowe.

Jumamosi nilijua angekuwa soko la Chepilat, akimsaidia mama yake kuuza ndizi. Nikaikunja aproni, nikaenda. Nilitaka kujua kama sisi bado ni nchi moja, lakini huwezi kumuuliza kijana mwenzako swali kama hilo. Ningeuliza habari ya Ufaransa.

Nilimkuta nyuma ya ndizi, amerefuka, yuko na jamaa mmoja wanacheka kitu nisichokijua.

"Boss!" akapiga kelele. "Kumbe walimu hawajakumaliza?"

"Wanangoja ninenepe kwanza."

Akacheka kile kicheko chetu cha puani. Moyo ukanitulia kidogo. Nikamweleza kazi ya Madam. "Sasa niambie, Ufaransa ingesema nini?"

"Ingeitisha chapo mbili na supu."

Yule jamaa akacheka mpaka akashika meza. Mimi najua bei ya utani, na huo haukustahili kicheko hicho.

Mvua ikaja. Nikaikunjua aproni, nikainua upande wa kulia. "Karibu, mheshimiwa."

Akaitazama. "Wee! Hii kitu bado iko?" Akainama chini ya meza, akatoa koti la mvua la bluu, lenye kofia, na zipu inayofunga mpaka kidevuni. "Mathe alininunulia. Hebu funika ndizi na hiyo."

Nikafunika ndizi.

"Uii, mwanangu, na wewe je?" mama yake akaniuliza.

"Mimi si sukari, mama. Siyeyuki."

Mvua ilipopungua, rafiki yangu aliikung'uta aproni, akaikunja vizuri, akanirudishia. Hakusema lolote kuhusu kuchunga nchi.

Jumatatu nikawa nchi mbili. Nikiwa Uingereza naruka kushoto kwa deski, nikiwa Ufaransa naruka kulia. Mfalme akaletewa konokono, akauliza kama wamechemshwa na sukuma. Huku kwetu, koloni lao, tukaamriwa tupande chai ya Mwingereza na kahawa ya Mfaransa kwa shimo moja. Watu walilia kwa kicheko.

"Na vita vilipoisha?" Madam akauliza. "Muungano ulibaki?"

"Ulibaki, Madam. Ni vile tu mmoja alinunuliwa koti."

Wakacheka tena. Madam hakucheka. Aliangalia begi langu, kisha mimi. "Kaa chini," akasema, kwa upole ambao sijazoea kutoka kwake.

Jioni ilinyesha. Nikaivaa aproni, kwa mara ya kwanza peke yangu, nikashuka njia ya mkato kati ya chai. Inamtosha mtu mmoja vizuri sana. Nilifika nyumbani bega la kushoto likiwa kavu kabisa.