Mifupa ya Babu Ilipoonja Mbege

Moshi nzima inajua mimi si mtu wa kutishwa na kivuli. Nina diploma ya katuni za kompyuta niliyoifuata Afrika Kusini, nimerudi na mashine zangu mwenyewe, na studio yangu hapa Old Moshi, kwenye chumba kilichokuwa cha ndama, ina intaneti ya kasi kuliko ofisi nyingi za mjini. Kwa hiyo ninachokueleza nilikiona mchana, nikiwa na akili zangu timamu, sijaonja kitu.

Mama alikuwa ameniomba jambo moja tu. Ukoo wote ungekuja kihambani, kwenye shamba letu la urithi, Krismasi, naye alitaka kumwona tena babu, baba mkwe wake, akiwa na uhai. Babu alifariki kabla sijazaliwa. Ilibaki picha moja, amekaa kwenye kigoda, ameganda. Nikamwambia, "Mama, kwangu hiyo ni kumsukuma mlevi." Nikatangaza hadi mitaa ya Njoro na Soweto huko mjini. Ningeshindwa, ningehama mkoa.

Nikamjengea mifupa kwenye programu: uti wa mgongo, mabega, viwiko, kidole kimoja kimoja, kisha nikaivika sura ya pichani. Kazi yetu iko hivi: unaweka mkao wa mwanzo na wa mwisho, kompyuta inajaza katikati. Mwanzo, babu ameshika kifuani kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Mwisho, amemnyooshea mgeni. Rahisi, au siyo?

Nikabonyeza. Mkono ukapanda mdomoni, ukatulia, ndipo ukaenda kwa mgeni.

Nikafuta, nikaweka upya. Mdomoni tena. Nikaivua ile sura, ibaki mifupa mitupu, nione kosa liko wapi. Niamini, safari hii sikubonyeza chochote. Fuvu liliinama lenyewe, likanywa. Na chumba chote kikanukia mbege.

Nilipiga kelele? Mimi? Nilimwita mama kwa sauti ya kutosha.

Akaja na majani ya ng'ombe mikononi, akatazama. "Wewe msomi, ulitaka babu yako ampe mgeni pombe kabla hajaionja yeye?"

"Ni katuni, mama."

"Kwa hiyo katuni ndiyo iruhusiwe kuwatilia watu sumu? Mwenye nyumba huonja kwanza. Mwache anywe."

"Lakini si mimi ninayemnywesha."

Fuvu lilikuwa limemaliza, na kifundo cha mkono kikapita taratibu juu ya mdomo, kufuta masharubu ambayo mifupa haina.

"Ndiye," mama akasema, akakaa juu ya ndoo, anacheka na kulia. "Alifuta hivyo hivyo siku nilipoletwa hapa bibi harusi. Shikamoo, baba."

Mifupa ikainamisha kichwa. Niambie, mkao huo niliutoa wapi?

Krismasi tuliionyesha katuni hiyo kwenye shuka, kati ya migomba. Shangazi alidai irudiwe mpaka betri ikaisha. Nilijisifu, na bado najisifu.

Ila tangu siku ile, kila kiumbe ninachokijengea mifupa kwenye mashine ile huonja kwanza. Juzi nilitengeneza tangazo la maziwa; ng'ombe akapiga funda lake kabla hajampa mtoto glasi. Mteja akapenda.

Basi wewe unayetaka kumwunganishia mifupa marehemu wa kwenu, fanya, inafurahisha. Lakini uliza kwanza nyumbani mwenendo wake, maana ukimpa adabu mbovu atajirekebisha mwenyewe. Na ukisikia harufu ya mbege, usizime mashine. Mwache amalize.