Chachu ya Mama na Chupa ya Bia

Niliiba chachu ya mama yangu, chungu kizima, nikaifanya bunduki. Nalisema hili mwanzo kabisa ili usije ukasoma mpaka katikati ukidhani mimi ni mtu mzuri.

Nakuita mwanangu, na najua utacheka. Ndevu zangu bado zinafikiria kama zitoke au zibaki ndani, na dawati langu shuleni bado lina jina langu nililolichonga kwa wembe. Lakini wewe na wenzako wa madarasa ya chini mmeanza kunijia nyuma ya shule mkiuliza ile chupa ilitengenezwaje, na mtu akishaulizwa na watoto habari zake za zamani, basi amekwisha kuwa mzee, apende asipende. Keti, mwanangu. Wazee wetu hapa Kindu wakitaka kutoa nasaha huanza kwa kukohoa. Mimi nimekohoa tayari.

Kwenu mnapika mkate kwa hamira ya kopo, ile inayokuja na treni pamoja na vitu vya wazungu. Kwetu, mtaa wa Mikelenge, haikuwa hivyo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kichuguu kikubwa ambacho baba alikitoboa ubavuni kikawa tanuri. Mama alitia kuni, akangoja udongo ushike moto, akakokota makaa nje, kisha akasukuma mikate ndani na kuziba mlango kwa bati. Mikate yenyewe iliumuliwa na chachu, yaani donge la unga mchachu lililokaa ndani ya chungu kidogo, limefunikwa kitambaa, kwenye pembe ya jikoni isiyopigwa na upepo. Mama kila alipokanda, alikata konzi moja ya unga uliokwisha kuumuka, akairudisha chunguni, akailisha unga na maji kidogo, ikangoja mkate mwingine.

Chachu hiyo alipewa na mama yake kule Kasongo siku alipoolewa. Nkambo wetu huyo hakuwa na shamba la kurithisha wala nyumba ya bati. Alikuwa na unga mchachu. Binti zake wawili wakagawana: konzi moja ilikuja Kindu na mama, nyingine ikaenda Kailo na dada yake mkubwa. Mimi nilipokiangalia kile chungu niliona uji ulioharibika.

Wakati ule niliamini kwamba Mungu alinileta duniani kwa kazi moja, kuwachekesha watoto wa darasa langu. Wenzangu walitaka kuwa makarani, au kuendesha gari la moshi, au kuvaa kofia ya mpasha moto wa meli. Mimi nilitaka watu waanguke kwenye viti. Basi rafiki yangu Polo akaokota chupa ya bia nyuma ya nyumba za wazungu, nzito, ya kioo kinene, na kizibo chake. Nami nilikuwa nimeona siku za joto jinsi chachu inavyosukuma kitambaa cha chungu mpaka kinavimba kama shavu. Nikafikiri, kinachoinua kitambaa hakitashindwa kizibo. Hiyo ndiyo sayansi yote niliyojifunza mwaka ule.

Nusu ingetosha. Hilo nalisema leo. Siku ile nilimimina yote, nikaongeza maji na sukari, nikagongomea kizibo kwa jiwe, nikaiweka chupa dirishani penye jua, nyuma ya mgongo wa mwalimu. Mwalimu alikuwa anatufundisha mito ya Ubelgiji. Ya kwetu hatukufundishwa, labda kwa sababu Lualaba tulikuwa tunaogea humo. Alipofika kwenye mto mmoja ambao hata yeye jina lake lilimshinda, chupa ikalia. Kizibo kilimpita sikioni kikagonga ramani, povu likafuata, Ubelgiji nzima ikalowa. Mwalimu alikuwa amekwisha kulala chini ya meza kama askari. Darasa lilicheka mpaka wengine wakatoa machozi. Fimbo nilizipata. Tuziache hapo hapo, si habari.

Habari iliningoja nyumbani. Niliingia nikitembea kwa adabu kubwa, kwa sababu ya makalio, nikamkuta mama anachekecha unga wa ngano, ule mweupe ambao siku za kawaida tuliuona dukani tu. Akaniambia kwamba Alhamisi ni hitma ya nkambo, mwaka umetimia tangu afariki. Shehe atakuja na wasomaji, na mama anataka wale mkate wa chachu ya marehemu mwenyewe. Alisema hivyo akaendelea kuchekecha. Hapo kicheko chote kilinitoka mwilini.

Mtu mwenye akili angesema kweli saa ile ile. Mjomba alikuwa na baiskeli, Kailo ilikuwa palepale, na siku zilikuwa zinatosha. Lakini mimi nilikuwa na akili ya mtu wa bunduki, nikaona kilichoharibiwa kwa chupa kitatengenezwa kwa chupa nyingine. Nikaenda kwa Polo.

Baba yake Polo alikuwa mgema. Aligema malafu, ile pombe nyeupe ya mingazi, yaani michikichi, na hapa kwetu kila mtu anajua kwamba malafu ya jana inaumua unga kuliko chachu yoyote. Wanawake Wakristo sokoni wanapika maandazi yao kwa hiyo, na wanapika vizuri. Lakini sisi ni Waislamu, mwanangu. Mama yangu hakukubali hata kuazima kibuyu kilichowahi kuwekewa malafu, hata kama kimeoshwa, hata kama kimekaa juani tangu mwaka jana. Polo mwenyewe alilijua hilo. Alinijazia kichupa, akaniangalia kama mtu anayeaga maiti.

"Mama yako akiuliza, mimi sikukuona," akasema. "Hata jina yangu hauijue."

Nikachanganya malafu na unga, nikajaza chungu, nikakifunika kitambaa kama kilivyokuwa. Jioni mama akaja, akafunua. Ndani mlikuwa mnachemka kama mna ugomvi.

"Leo inanuka sana," akasema.

"Ni joto, mama."

Akaniangalia, akaangalia chungu. "Ndiyo. Joto iko mingi," akasema, akafunika.

Fimbo za mwalimu nimezisahau. Hiyo "ndiyo" ya mama bado naisikia.

Alhamisi unga uliumuka namna ambayo haijaonekana nyumbani kwetu. Ulijaza beseni, ukasukuma kitambaa, ukamwagikia kando kama unataka kwenda kusalimia watu. Mikate ilipotoka kwenye kichuguu ilikuwa mirefu, ya rangi ya kahawia, imepasuka vizuri juu. Jirani yetu Mama Zaina, aliyekuja kusaidia kupika wali, na ambaye kwa kawaida husifu vitu vyake tu, alisema hata jikoni kwa wazungu hawatoi mkate wa hivi. Mama alishika mkate mmoja ungali moto, akaubonyeza kwa kidole, mkate ukarudi juu wenyewe. Kisha akasema polepole, kama anajisemea:

"Leo ni mama mwenyewe njo amekanda."

Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Nilijaribu kucheka kimoyomoyo, kwa kuwa hiyo ndiyo dawa pekee niliyokuwa nayo. Nkambo wangu, ambaye akimwona mlevi alivuka barabara na kusoma dua, leo anasifiwa kwa kazi ya baba yake Polo. Ukiliangalia vizuri ni jambo la kuchekesha sana. Nililiangalia kila upande, likakataa.

Barazani wasomaji walikuwa wamekwisha kuketi, juzuu zimegawanywa, sauti zinapanda na kushuka. Wakala wali. Ikabaki chai na mkate, na sinia ya mkate ilikuwa mikononi mwangu, kwa sababu mimi ndiye mtoto mkubwa na kubeba ni kazi yangu. Nikasimama karibu na pazia. Nilijua nikitoka hakuna atakayegundua kitu, maana mkate ulinukia mkate tu. Tungebaki Polo na mimi tunaojua, na Polo alikuwa amekwisha kunikana. Lakini maneno katika mji huu hayakai mfukoni. Siku moja mtu mmoja angesikia, na tangu siku hiyo mama asingeombwa tena mkate wa harusi wala wa maulidi. Wangesema jiko lake lina malafu, na wasingekosea. Halafu kulikuwa na yale machozi. Mama alikuwa anamshukuru mama yake kwa kitu nilichokiomba kwa mgema.

Nikarudi jikoni na sinia.

"Mama, huu mukate usitoke."

"Kwa nini?"

"Iko na malafu ndani."

Akaweka birika chini. "Na chachu?"

"Niliipeleka kwa masomo. Ilikwisha."

"Yote?"

"Yote."

Ningependa kukuambia kwamba alinipiga, ingekuwa rahisi kwa wote wawili. Aliichukua sinia mikononi mwangu, akaifunika, akaiweka pembeni. Akanawa. Akaenda mpaka kwenye pazia akawaambia wageni kwamba mkate haukufaa, wamsamehe, chai itakuja na karanga na mihogo ya kuchemsha. Shehe akajibu kutoka upande wa pili kwamba hakuna neno. Mama Zaina, ambaye aliuona ule mkate kwa macho yake na kuushika kwa mikono yake, akafungua mdomo. Mama akamwangalia. Mdomo ukafungwa, kwa siku hiyo tu. Kesho yake sokoni ilikuwa habari ya kila kikapu: Mama Ramazani siku hizi mikate inamshinda, hata hitma ya mama yake imekosa mkate. Nilikuwa nyuma ya mama nimebeba kikapu. Alisikia. Angeweza kugeuka na kusema neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa jina langu. Alichagua samaki wake, akawageuza tumbo, tukarudi nyumbani.

Mikate yote niliipeleka kwa Polo. Baba yake alikula, akasifu, akasema dini yetu ni nzuri na tufanye hitma kila wiki.

Siku zilizofuata mama alisema nami mambo yote ya kawaida. Chota maji. Umenawa? Mwite mudogo yako aje kula. Habari ya chachu hakuigusa, na kile chungu kitupu hakukiondoa kwenye pembe yake. Nilikuwa nakipita kila asubuhi kama unavyompita mtu ambaye hujamwomba radhi. Nikaanza kuchekesha kidogo shuleni. Mwalimu akafikiri fimbo zimefanya kazi.

Mwishowe mama akaniambia nipande nyuma ya baiskeli ya mjomba, anayefanya biashara ya mchele, niende Kailo kwa mama mukubwa kuomba chachu, na sababu nikaieleze mwenyewe kwa mdomo wangu. Nikaieleza. Mama mukubwa alipenda sana sehemu ya ramani, alicheka mpaka akakaa chini na kuomba maji. Nilipofika kwenye neno "yote" akainuka. Akaingia ndani, akatoka na chungu chake, akakata konzi moja.

"Hii ni ya mama yetu, kama ile," akasema. "Ukiirusha tena kwa mwalimu, nitakuja Kindu kwa miguu."

Njia nzima niliibeba ndani ya shati. Baiskeli iliruka kila shimo, jua lilikuwa kali, chachu ikaanza kuvimba na kunichuruzika tumboni, na kila mjomba alipoharakisha nilimwomba apunguze. Akaniuliza nimebeba mkate au mtoto mchanga. Nikamwambia atazame njia.

Sasa nasaha, mwanangu, maana umenivumilia na unaiangalia chupa uliyoificha nyuma yako. Kuchekesha watu ni kazi nzuri, sijaiacha na sina mpango wa kuiacha. Lakini kabla hujachukua kitu cha nyumbani, kiulizie kimetoka kwa nani, hata kama kinaonekana kama uji ulioharibika. Ukikichukua, bakiza konzi moja. Na ukiwa mjinga kama mimi ukakimaliza, sema siku hiyo hiyo, kabla mama yako hajaanza kushukuru. Mimi nilidhani mama hana kazi kubwa duniani, anakanda na kuchoma, kesho tena. Kumbe kila siku alikuwa anakata ile konzi na kuirudisha, na kwa ajili hiyo nkambo wangu aliendelea kula nasi asubuhi. Sijui kazi yangu itakuwa nini. Naomba iwe na konzi ya kurudisha.

Chachu ya Kailo iliamka vizuri. Mama alikanda, na kabla ya kufinyanga mikate akakata konzi moja, akanitia mkononi, niirudishe chunguni mwenyewe. Nikairudisha, nikafunika kitambaa. Akasimama ananiangalia, mikono yake myeupe kwa unga, akasema:

"Chachu ilikwisha, tukaomba, tukapewa. Wewe ukiharibika, nitaenda kuomba mwingine kwa nani? Mungu akukuze, mutoto yangu, akupe na akili. Sasa geuza mifuko nione."