Neno la Kikorea Lililomshinda Mama

Juzi pale Adams Arcade, Nairobi, niliwakuta wasichana wawili wa shule wakisalimiana kwa Kikorea na kucheka, maneno waliyookota kwenye vipindi vya simu. Nikasimama na mboga zangu za sukuma wiki mkononi, kama mtoto aliyefumaniwa. Kwetu, rafiki yangu, Kikorea hakikuwa mchezo.

Tulikaa Kangemi, chumba kimoja, mimi na mama. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa mshonaji, na alikuwa amepata nafasi ya kazi kiwandani huko Korea. Mtihani wa kuandika alishapita. Kilichobaki ni kusoma kwa sauti mbele ya mtahini, mara moja tu. Akipita, angekaa huko miaka mitano, nami ningepelekwa kwa nyanya, Machakos.

Kila jioni nilichambua maharagwe ya kuchanganya na mahindi, githeri yetu, huku nimemfungulia kitabu, yeye akikanyaga cherehani. Simu ilitamka, naye akafuatisha. Maneno matatu yalimtesa: dal, yaani mwezi, tal, kinyago, na ttal, binti. La kwanza ni laini, la pili hutoka na pumzi, la tatu hukazwa kooni, pumzi isitoke. Mimi niliyashika upesi. Mama, kwa ulimi wake wa Kikamba, yote aliyasema "ndal".

"Hapo je?"

"Bado, mama."

Wiki ya mwisho nikaanza kumjibu, "Hapo sawa." Alisema "ndal" akimaanisha binti, nami nikaitikia, "Sawa kabisa." Akanishika shavu. "Bila wewe ningefanya nini?" Nikainamia maharagwe, nikaendelea kuchambua.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa bibi mmoja wa Mombasa aliyeuza mahamri. Jumamosi akaniita.

"Mwanangu, ile simu yasema maneno matatu. Mamako asema moja. Nawe wamwambia ni sawa?"

Nikalia. Nikamwambia sitaki aende.

"Akishindwa kwa uwezo wake, ni majaaliwa," akasema. "Akishindwa kwa ulimi wako, utaubeba mzigo huo mpaka uzeeni."

Akavuka hadi kwetu, mikono ina unga, akachana ukanda wa gazeti, akauning'iniza mbele ya midomo yake. "Paa," akasema, akionyesha mabati juu yetu. Karatasi ikatulia. "Paa," yule mnyama wa porini, kwa pumzi kama watamkavyo kwao. Karatasi ikaruka. Mama alishangaa, kwake maneno hayo yalikuwa sawa siku zote. Akaichukua karatasi. Hakushona siku hiyo, na baada ya kanisa Jumapili akaanza tena. Jua lilikuwa linatua alipotamka ttal na karatasi isitikisike. Alinitazama mimi, si bibi. Nikasema, "Sawa." Safari hii ilikuwa kweli.

Jumatatu, siku ya mtihani, nilikaa kwenye ngazi za jengo moja mjini, sweta yake mapajani. Sauti yake ilipenya mlangoni. Dal. Tal. Nilifumba macho niombe, nisijue niombe nini.

"Ttal."

Alitoka akapiga magoti, akanikumbatia mpaka mbavu zikauma. Mwezi uliofuata aliondoka.

Ile ploti tuliyopanga Kangemi imebomolewa, sasa ni ghorofa. Bibi alirudi kwao pwani, akazikwa huko. Mama naye alirudi baada ya miaka mitano, akanikuta nimemzidi kimo, tukapeana mikono kama wageni.

Mwaka jana tu ndipo nilipomwungamia kwamba nilimdanganya, tukimenya viazi jikoni kwangu.

"Nilijua," akasema. "Na mimi pia nilikuwa nasikia ile simu."

"Mbona hukunigombeza?"

"Nilikuwa nataka kuanguka mtihani nibaki nawe, lakini isiwe mimi niliyeamua."

Tukaendelea kumenya, kila mmoja akiogopa kumtazama mwenzake.