Tuzo ya Kidoko

Ile tuzo ipo kwenye kabati la kioo pale mapokezi ya ofisi yetu, karibu na mtungi wa maji ya kunywa. Imechongwa kama tone la maji, nzito kweli, na chini yake wameandika kwamba ni ya ubunifu bora wa usalama katika kazi za majitaka. Wageni wakisubiri kuitwa huisogelea wakaisoma. Sisi wa gambuti haturuhusiwi kukaa mapokezi, kwa hiyo nimeisoma mara moja tu, siku niliyopeleka barua ya malalamiko. Niliisoma yote mpaka jina. Jina lililopo si la mtu aliyebuni.

Nitasema nani alifanya nini. Majina sitataja, maana bado niko pale pale kazini, lakini vyeo nitavitaja, na wenye vyeo wanajijua.

Mimi ni darasa la saba, mtu wa vijiji vya Kondoa. Dodoma nilikuja kijana, nikabeba zege, nikachimba mitaro, kisha nikaingia kwenye majitaka na huko ndiko nilikozeekea. Kazi yetu ni kuzibua chemba za mjini na kutunza mabwawa nje ya mji, kule maji machafu yanakotulia yajisafishe kwa jua na hewa. Watu wakisikia hivyo wanaziba pua. Bwawa likiwa zima wala halinuki vibaya, lina harufu ya majani mabichi yaliyolowekwa. Likianza kugeuka kutoka kijani kwenda kijivu, mimi najua kabla ya watu wa maabara. Hakuna aliyenifundisha, na hakuna aliyewahi kuniuliza nimejuaje.

Sisi ni vibarua. Mkataba wetu ni wa miezi mitatu. Ukiisha unakaa nyumbani wiki moja, unaitwa, unasaini mwingine. Afisa utumishi, mama mmoja msafi wa maneno na wa mavazi, alitukalisha mapema akatufunda: mkaguzi yeyote akikuuliza uko hapa tangu lini, unajibu kwa mkataba ulio nao mkononi. Kama una mwezi mmoja, sema mwezi mmoja. Mwenzetu mmoja alimjibu mkaguzi kwamba ana miaka sita. Mkataba wake ulipoisha hakuitwa tena. Tukashika adabu. Tukazoea hivyo mpaka hata msibani mtu akikuuliza una muda gani kazini, unaanza kuhesabu tangu mkataba wa mwisho.

Niliyekuwa nashuka naye chemba alikuwa mtu wa huko huko kwetu, lakini wa kabila lile linalozungumza kwa vidoko, ile milio ya kubandua ulimi kwenye kaakaa. Yeye ndiye aliyebuni. Ukiwa chini, sauti ya kawaida haifiki juu vizuri. Bomba linaimeza, na aliye juu anasikia mvumo tu na kelele za bodaboda. Kidoko chake kilikuwa kikali kama kijiti kikavu kinachokatika, kilipita kelele zote.

“Usiniite,” aliniambia siku ya kwanza. “Gonga ukingo wa chemba kwa spana. Mimi nitajibu kwa kidoko. Nisipojibu, usiulize mara mbili, vuta kamba.”

Ikawa ndiyo kanuni yetu. Spana moja, kidoko kimoja, mpaka mtu atoke. Wenzetu wa gari la kunyonya majitaka walitucheka.

“Nyie mnachunga mbuzi huko chini?”

“Mbuzi ana akili,” alijibu. “Hewa ikiwa mbaya anakimbia. Wewe utakimbia?”

Baada ya miezi michache wote walikuwa wanapiga vidoko, hata dereva. Mimi ulimi wangu ulikuwa mzito, akanifundisha kama anayefundisha mtoto kuongea, akicheka mpaka machozi.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, kwenye chemba moja njia ya kwenda Miyuji. Ofisi yetu ilikuwa na mashine moja ya kupimia gesi. Siku zote ilifungiwa kabatini kwa injinia, eti sisi tutaiangusha. Wiki ile hata kabatini haikuwepo. Ilikuwa Nzuguni, kwenye maonyesho ya wakulima, imewekwa juu ya meza yenye kitambaa cha bluu, wananchi wanaonyeshwa jinsi tunavyojali usalama wa wafanyakazi. Hili silisemi kwa kusikia, picha yake nimeiona. Na aliyeipeleka ni injinia mwenyewe.

Nilishuka mimi. Nakumbuka nilijibu spana mara tatu. Ya nne sikumbuki. Yaliyofuata nilisimuliwa na dereva. Mwenzangu aligonga, akasikia kimya, akavuta kamba papo hapo. Kamba ikagoma. Nilikuwa nimeanguka, mguu wangu ukanasa kwenye vidaraja vya chuma vya kushukia. Dereva akamkamata shati, akamwambia angoje zimamoto. Mwenzangu akasema, “Huyu hana muda wa kungoja.” Akajifunga fulana puani, akashuka, akanasua mguu. Dereva na wapita njia wakanivuta mpaka juu, wakanilaza kwenye vumbi. Kisha dereva akagonga spana. Hakujibiwa.

Nilizinduka hospitali, kifua kinawaka, na mpaka leo ngazi zikizidi kumi naketi kwanza. Yeye walikuwa wameshamsafirisha kwao. Taarifa ya ajali iliandikwa na injinia. Iliandikwa kwamba marehemu alishuka bila idhini ya msimamizi. Msimamizi alikuwa Nzuguni kwenye meza ya bluu.

Sasa sikiliza. Miezi kadhaa baadaye, injinia akaja bwawani na daftari. Akageuza ndoo akaketi, yeye asiyekaa hata kwenye viti vyetu. Akataka nimweleze habari ya vidoko mwanzo mpaka mwisho. Nikamweleza. Nikamtajia marehemu, kijiji chake na lugha yake. Akaandika.

“Mzee wangu, hiki ni kitu kikubwa,” alisema. “Kuna chama cha wataalamu wa maji kinatoa tuzo kila mwaka. Na ofisi itakayoshinda inapewa nafasi moja ya ufadhili, mhudumu wa mitambo akasome chuoni miezi tisa. Akirudi na cheti anaajiriwa moja kwa moja.”

“Hata darasa la saba?”

“Hata darasa la saba, mradi ana uzoefu wa miaka mitatu. Nafasi hiyo ni yako. Nani mwingine?”

Nilienda nyumbani nikamwambia mke wangu. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwahidi kitu cha kazini, siku ile nikaahidi. Nilijiona darasani, na mimi naandika kwa jina lake la kitabuni kile ninachokijua kwa pua. Nilijiona nina ajira ambayo haikatiki kila baada ya miezi mitatu. Na zaidi ya yote nilisema, nikiwa na cheti, nikisema chemba hii isishukwe, haitashukwa. Maana kibarua akikataa kushuka anaambiwa nenda nyumbani.

Siku ya tuzo walinipa ovaroli mpya, bado ina mikunjo ya dukani, wakanikalisha nyuma. Injinia akapanda jukwaani, picha zake zikimulikwa ukutani. Vidoko vyetu akaviita mfumo wa mawasiliano kwa ishara za sauti. Mzee mmoja mbele akanyoosha mkono akasema, “Hebu tusikie hiyo ishara.” Injinia akajaribu. Ikatoka kama mtu anayembusu mtoto. Ukumbi ukacheka. Akajaribu tena, ikawa mbaya zaidi, ndipo akanionyesha kwa kidole kule nyuma.

“Mzee wangu, wasaidie.”

Nikasimama nikapiga kimoja. Kilifika mpaka ukuta wa mbele. Wakapiga makofi, na mshereheshaji akasema, “Jamani, mzee kameza bunduki!” Nikabaki nimesimama, kwa sababu niliona sasa ndipo atakaposema ni cha nani. Alisema “timu yangu”. Alisema “tulifanya utafiti”. Marehemu hakumtaja hata kama marehemu. Nikaketi. Nami sikufungua mdomo, na hilo ni kosa langu, sitalibandika kwa mtu mwingine. Nilikuwa nawaza ile nafasi ya masomo. Nilijiambia nikigomba leo, naikosa.

Fomu ililetwa wiki iliyofuata. Niliijaza nyumbani kwa mwandiko wangu mzuri wa shuleni, herufi moja moja. Jina, umri, elimu. Halafu palikuwa na mstari: muda uliotumikia katika kazi hii. Nikaandika: miezi miwili.

Mtu wa nje ataniona mjinga. Lakini muulize kibarua yeyote wa pale angeandika nini. Ndivyo tulivyofundishwa, na aliyetufundisha ndiye aliyekuwa akiipokea fomu. Mkataba wangu ulikuwa na miezi miwili. Niliogopa kuandika miaka kumi na minne, nikasema wakiiona hiyo watasema huyu naye mbishi kama yule wa miaka sita. Injinia akatia saini chini kama mdhamini wangu. Afisa utumishi akaipokea, akaipitisha macho, akasema, “Vizuri, mzee.” Kwa mdomo wake. Vizuri.

Mwezi ulipoisha nikaitwa dirishani kwake.

“Pole, mzee. Hukukidhi vigezo. Wanataka uzoefu wa miaka mitatu, wewe umeandika miezi miwili.”

“Mama, si unanijua? Wewe umenikuta hapa.”

“Mimi nakujua. Fomu haikujui.”

“Si wewe uliyetuambia tujibu kwa mkataba?”

“Kwa wakaguzi, mzee. Hili lilikuwa suala la masomo. Ungeuliza.”

Nafasi ilikwenda kwa karani wake wa mafaili. Yeye alikuwa na ajira ya kudumu, miaka yake mitatu imekaa vizuri kwenye karatasi. Bwawani alikuwa amefika mara moja, siku ya kupiga picha, akasimama upande upepo unakotoka. Nilimfuata injinia kwenye gari lake.

“Ulisoma kabla ya kusaini?”

“Mzee wangu, siku ile nilisaini makaratasi mengi sana.”

“Miezi miwili, injinia! Marehemu alinitoa chemba lini? Kabla sijaajiriwa?”

Akatazama saa. “Mwakani ipo tena. Andika barua, nitakuunga mkono.” Akapandisha kioo.

Niliandika barua, na ndiyo ile siku niliyoisoma tuzo. Barua haikujibiwa. Karani alirudi na cheti, akawa msimamizi wetu wa mabwawa. Si kijana mbaya, nisimwonee. Siku ya kwanza aliniuliza kwa nini maji yamekuwa ya kijivu. Nikamwambia akaangalie kwenye madaftari yake.

Mwaka huu fomu zimekuja tena. Nilikwenda mapema. Safari hii wameongeza kigezo, umri usizidi miaka arobaini na mitano. Mimi ninayo arobaini na saba. Afisa utumishi alinionyesha mstari ule kwa kalamu yake.

Kazini kwetu kuna dada anafyeka kingo za mabwawa na kubeba chupa za sampuli kwenda maabara. Ana kidato cha nne, mwaka wa nane huu yuko pale. Nilimkuta amekaa kwenye bomba, fomu magotini.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Umeandika nini hapo kwenye muda?”

“Mwezi mmoja.”

Nilipiga kelele mpaka bata wakaruka bwawani. “Futa! Futa hiyo! Mikataba yako ya zamani iko wapi?”

“Ipo nyumbani, kwenye begi la nguo.”

“Yote?”

“Yote. Mama alinikataza kutupa karatasi yenye saini yangu.”

Kesho yake akaja nayo. Tuliandika kila mkataba na tarehe zake, kuanza na kuisha. Mstari ule mmoja haukutosha, tukaongeza karatasi, tukabana pini. Kisha tukaenda wawili dirishani.

“Hii siipokei,” afisa utumishi alisema. “Fomu inataka mkataba wa sasa.”

“Nisomee palipoandikwa ‘mkataba wa sasa’,” nikasema.

Akasoma. Akasoma tena. Pameandikwa muda uliotumikia katika kazi hii, basi.

“Wewe mzee unatafuta nini hapa? Wewe si umeshapitwa na umri?”

“Natafuta mhuri. Kwenye fomu, kwenye viambatisho, na kwenye nakala atakayobaki nayo.”

“Naweza kukuandikia utovu wa nidhamu.”

“Andika. Ila anza na mhuri.”

Dada yule alinivuta mkono tuondoke. Sikuondoka. Foleni ikajaa nyuma yetu, mtu mmoja akauliza kwa sauti kuna nini huko mbele, na ndipo yule mama alipovuta mhuri na kidau cha wino. Akagonga. Ukurasa, ukurasa, nakala.

Nje dada alinishika mikono yote miwili, analia na kucheka. Akaniambia, “Kaka, Mungu akulipe.” Mimi nilikuwa nimekasirika kuliko siku zote. Kama atachaguliwa, sijui, majibu bado. Lakini nilikuwa nimeona kwa macho yangu jambo lenyewe, kusahihisha mstari mmoja wa fomu, linachukua muda gani. Halikufika hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Lilihitaji mtu mmoja tu wa kuniambia, mzee, hapa umekosea, futa. Na walioiona fomu yangu kabla haijatumwa walikuwa wawili, wote wanajua kusoma.